Diski Ikijaa, Hamisha Kwanza

Kila muhula unapokaribia kuisha kuna tangazo ambalo lazima litoke. Likibandikwa kwenye ubao wa idara au likitumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, maneno yake ni yale yale: seva imejaa, kazi zote za mihula iliyopita zitafutwa, mwenye chake akipakue kabla ya Ijumaa. Wengi wetu tunasoma, tunaguna, tunaendelea na safari ya kwenda kula. Ijumaa inapita. Jumatatu kazi za mwaka mzima hazipo.

Wanachuo wenzangu, naomba nilipinge tangazo hili. Sisemi kwamba kila kitu kitunzwe milele. Ninachopinga ni ile sababu inayotolewa. “Seva imejaa” si sababu ya kufuta kazi ya mtu. Kwa kawaida seva nzima haijajaa. Kilichojaa ni diski moja ndani yake, na ukichunguza utakuta ni saraka moja au mbili ndizo zimekula nafasi yote. Saraka hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye diski kubwa zaidi, mfumo ukaendelea kufanya kazi kama kawaida, na mwanafunzi asijue hata kama kuna kitu kilihama. Kazi ya jioni moja. Chombo chake kipo bure ndani ya kila seva ya Linux, na kinaitwa simlinki.

Kwa nini mwanafunzi wa ualimu anajiingiza kwenye mambo ya watu wa kompyuta? Kwa sababu mbili. Kwanza, vinavyofutwa ni vyetu: maazimio ya kazi, maandalio ya somo, ripoti za mafunzo kwa vitendo, na zile kazi za muhula ambazo ndizo ushahidi pekee siku matokeo yakitoka na pale kwenye jina lako pameandikwa kwamba hukuwasilisha. Ukienda kulalamika unaambiwa ulete uthibitisho. Uthibitisho ulikuwa kwenye seva, na seva ilishasafishwa. Hapo unabaki na neno lako dhidi ya neno la mfumo, na sote tunajua nani huwa anakula sapu.

Pili, mwaka ujao au ule unaofuata, wanaoombwa kuisimamia hiyo seva tutakuwa sisi. Nitarudi kwenye hilo.

Simlinki ni nini hasa

Umewahi kwenda ofisi ya mhadhiri ukakuta karatasi mlangoni: “Nimehamia Jengo la Pili, chumba namba 14”? Hiyo karatasi ndiyo simlinki. Haina meza, haina vitabu, haina mhadhiri. Ina anwani tu. Lakini mtu aliyezoea mlango wa zamani akifika pale, anaelekezwa na anafika anakotaka.

Ndani ya kompyuta ni hivyo hivyo. Simlinki ni faili dogo sana ambalo ndani yake mmeandikwa njia ya kwenda mahali pengine. Programu ikiomba saraka ambayo sasa ni simlinki, mfumo wa uendeshaji unasoma ile njia na kuipeleka kwenye saraka halisi, hata kama iko kwenye diski nyingine kabisa. Programu haihitaji kujua. Yenyewe inaona jina lile lile ililolizoea.

Hapa pana tofauti na kile kiungo kingine kinachoitwa kiungo kigumu. Hicho kinalipa faili lile lile jina la pili, lakini hakiwezi kuvuka kutoka diski moja kwenda nyingine. Simlinki inaweza, kwa sababu inabeba anwani tu, na anwani inaweza kuelekeza popote. Ndiyo maana kwa shida yetu ya diski ndogo na diski kubwa, simlinki ndiyo inayofaa.

Tena si kitu kigeni wala cha jana. Shida ya diski kujaa ina umri sawa na mifumo yenyewe. Unix ilianza mwaka 1969 Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na miaka ile diski moja ilikuwa na nafasi ya megabaiti chache tu. Leo picha moja ya simu nzuri inaweza kuijaza. Diski yao ya kwanza ilipojaa, hawakufuta. Mambo yaliyozidi waliyasogeza kwenye diski ya pili, ile iliyokuwa na mafaili ya watumiaji chini ya saraka ya /usr. Saraka hiyo ipo mpaka leo kwenye kila kompyuta ya Linux, ingawa mafaili ya watumiaji yalishahamishiwa kwingine.

Simlinki zikasambaa kwa upana na toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, mwaka 1983, kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hebu liangalie hilo vizuri: lilitoka chuoni. Na Bill Joy, aliyeianzisha kazi ya BSD, aliianza akiwa mwanafunzi wa uzamili pale. Kwa hiyo mtu akikwambia haya si mambo ya wanafunzi, mwambie wanafunzi ndio walikuwa jikoni tangu mwanzo. Hata Ubuntu unayoifungua leo, saraka yake ya /bin yenyewe ni simlinki tu inayoelekeza kwenye usr/bin. Mfumo mzima umesimama juu ya mabango ya “tumehamia kule”.

Mfano nilioushuhudia

Mwaka jana nikiwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, shule moja ya sekondari niliyopangiwa ilikuwa na kompyuta moja ya mezani iliyofanywa seva. Ilikuwa na Ubuntu, na ndani yake Moodle, mfumo ule ule ambao vyuo vingi vinautumia kuweka masomo mtandaoni. Pale hapakuwa na intaneti ya maana. Wanafunzi waliingia kwenye Moodle kupitia mtandao wa ndani wa maabara ya kompyuta.

Kompyuta ile ilikuwa na diski mbili. Ya kwanza, yenye mfumo, ilikuwa ya gigabaiti 120 na ilijaa kabisa. Ya pili ilikuwa ya terabaiti 1, ina folda moja tu: picha za mahafali. Na uamuzi uliokuwa umepitishwa ni kufuta kazi zote za kidato cha nne waliomaliza.

Kazi gani hizo? Zaidi zilikuwa video. Vifaa na kemikali za maabara havitoshi kila mwanafunzi kufanya jaribio kwa mikono yake, kwa hiyo mwalimu wa kemia aliwafanya wanafunzi warekodi kila jaribio walilofanya kwa makundi, wakieleza hatua kwa hatua, halafu wapakie kwenye Moodle. Kidato cha tatu walikuwa wanajisomea kwa video za kaka na dada zao. Kukosea kwa waliotangulia, na jinsi walivyorekebisha, kulikuwa ni somo lenyewe. Ukifuta zile, umefuta maabara ya wale wanaofuata.

Mwalimu wa kompyuta, ambaye kwa kweli ni mwalimu wa hisabati aliyeongezewa mzigo, alikuwa hana furaha na uamuzi huo lakini haoni njia. “Mwalimu, ningefanyaje? Mfumo unakataa hata mtu kuingia,” aliniambia. Tulikaa naye jioni moja baada ya vipindi. Saraka ya data ya Moodle ilikuwa imekula gigabaiti 71. Kuinakili kwenda diski kubwa kulichukua chini ya saa moja. Kuweka simlinki kulichukua mstari mmoja wa amri. Asubuhi wanafunzi waliingia wakakuta kila kitu mahali pake, na nafasi imebaki tele. Hakuna shilingi iliyotumika.

Inavyofanyika

Naeleza hatua hapa kwa kifupi, kwa sababu hoja isiyoonyesha njia ni lawama tu.

Kwanza jua kilichojaa. Amri ya df -h inaonyesha kila diski na nafasi iliyobaki. Amri ya du -sh ikifuatiwa na jina la saraka inakwambia saraka hiyo ina uzito gani. Tazama pia df -i, kwa sababu kuna wakati nafasi ipo lakini idadi ya mafaili ndiyo imefika kikomo, na Moodle ina tabia ya kuzalisha mafaili madogo mengi mno.

Pili, iandae diski kubwa. Diski nyingi za nje zinazouzwa madukani huja zimepangwa kwa ajili ya Windows, na mpangilio huo haushiki vizuri umiliki na ruhusa za mafaili ya Linux. Ipange upya kwa ext4 kabla hujaweka kitu, na kama ina vitu vya watu, vitoe kwanza. Kisha iandike kwenye faili la /etc/fstab, kwa kutumia namba yake ya utambulisho iitwayo UUID, ili kompyuta ikiwashwa diski iunganishwe yenyewe.

Tatu, simamisha huduma. Iweke Moodle kwenye hali ya matengenezo ili asitokee mtu anapakia kazi wakati wewe unahamisha. Waambie watu mapema, hata kwa tangazo la mstari mmoja.

Nne, nakili kwa rsync -a. Hiyo herufi a ni muhimu, kwa sababu inabeba umiliki, ruhusa na tarehe za mafaili. Ukivuta na kudondosha kwa kipanya kama unahamisha nyimbo, unaweza kukuta mafaili yote yapo lakini seva haina ruhusa ya kuyasoma. Na hapo ndipo watu husema “simlinki haifanyi kazi”, kumbe shida ni ruhusa.

Tano, ile saraka ya zamani usiifute. Ibadilishe jina tu, kwa mfano iite moodledata.zamani. Halafu pale ilipokuwa weka simlinki kwa ln -s. Mpangilio wake ni huu: unataja makazi mapya kwanza, kisha jina la zamani. Kwa mfano: ln -s /data/moodledata /var/moodledata. Kumbuka hivi: nyumba mpya kwanza, bango baadaye.

Sita, washa huduma na ujaribu. Ingia kama mwanafunzi, fungua kazi ya zamani, pakia kazi mpya. Vyote vikikubali, acha ipite wiki moja ya matumizi ya kawaida, ndipo uifute moodledata.zamani. Nafasi kwenye diski ndogo inafunguka hapo. Hilo ndilo futo pekee katika kazi nzima, na unafuta kitu ambacho nakala yake unaiona kwa macho ikifanya kazi.

Kwa wenye laptopu za Windows, ambazo C ni nyekundu na D ni tupu, hata ninyi mnayo. Amri yake ni mklink /D, na huko mpangilio umegeuzwa: jina la kiungo kwanza, makazi mapya baadaye. Mazoezi unaweza kuyaanzia chumbani kwako leo, kwa folda ya majaribio isiyo na kitu cha thamani.

Mitego yake

Sitaki nionekane nauza dawa ya magonjwa yote. Simlinki ina mitego, na anayeipigia debe bila kuitaja mitego hiyo anawaharibia wenzake.

Mtego wa kwanza ni nakala za akiba. Programu ya tar, ambayo wengi wanaitumia kufungasha nakala, kwa kawaida ikikutana na simlinki inaihifadhi kama simlinki. Yaani inabeba bango na kuiacha ofisi. Rsync -a nayo ni hivyo hivyo. Msimamizi anaweza kukaa miezi akidhani ana nakala ya kila kitu, siku diski ikifa anafungua akiba yake na kukuta baiti chache zenye anwani ya mahali ambapo hapapo tena. Baada ya kuhamisha, elekeza nakala za akiba kwenye makazi mapya siku ile ile. Na diski kubwa si salama zaidi kwa kuwa ni kubwa. Ikifa, inakufa na vingi.

Mtego wa pili ni diski kutounganishwa. Umeme umekatika, umerudi, kompyuta imewaka, diski ya pili haikuitika. Bango lipo, chumba namba 14 hakipo. Hapa kuna jambo dogo la kuzingatia: saraka unayoielekezea iwe ndani kabisa ya diski kubwa, isiwe ile saraka tupu ya kuunganishia diski. Ukifanya hivyo, diski isipoitika mfumo unagoma na kutoa kosa, na mtu anakuja kuangalia. Usipofanya hivyo, mfumo unaweza kuanza kuandika kimyakimya kwenye diski ndogo, wanafunzi wanaona kazi zao hazipo, na wewe una seva mbili zilizochanganyikana.

Mtego wa tatu ni walinzi wa mfumo. Kwenye Ubuntu kuna AppArmor, ambaye anaijua orodha ya saraka ambazo MySQL inaruhusiwa kugusa. Ukihamisha saraka ya hifadhidata bila kumwambia AppArmor, MySQL itakataa kuwaka, kwa sababu mlinzi anaangalia njia halisi, haangalii bango. Seva ya Apache nayo ina mpangilio unaoruhusu au kuzuia kufuata simlinki. Mtu asiyejua haya anahangaika usiku kucha.

Mtego wa nne, ambao kwangu ni mkubwa kuliko yote, ni usahaulifu. Simlinki inafanya kazi vizuri mno mpaka watu wanasahau kwamba ipo. Aliyeiweka anahama shule. Anakuja mwingine, anaona diski ya pili, hajui ina nini, anaichomoa akaitumie kwingine. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Kila seva iwe na daftari, tena la karatasi, liwe pembeni ya seva yenyewe: nini kilihamishwa, kutoka wapi kwenda wapi, lini, na nani. Pale shuleni tuliandika mistari minne nyuma ya daftari la mahudhurio ya maabara. Inatosha.

Wanaopinga wana hoja

Kuna wanaosema simlinki ni ujanja wa fundi wa mtaani, na kwamba kila programu ina mahali pake pa kupanga saraka ya data. Ni kweli. Moodle ina mstari unaoitwa dataroot ndani ya faili lake la config.php. MySQL ina datadir. Pale ambapo mpangilio huo upo na unaufahamu, utumie, ni njia safi zaidi. Unaweza pia kuiunganisha diski kubwa moja kwa moja kwenye ile saraka, bila bango lolote. Lakini seva nyingi zina skripti za miaka ya nyuma ambazo jina la saraka limeandikwa ndani yake moja kwa moja, na aliyeziandika hayupo. Ukibadilisha njia sehemu moja, sehemu nyingine tano zinavunjika. Simlinki inalinda jina la zamani. Kwangu mimi yeyote atakayechagua kati ya njia hizi amenifurahisha, mradi hakufuta.

Wengine wanasema tuhamie kwenye wingu, tuachane na diski. Wingu linalipiwa kila mwezi, mara nyingi kwa dola, na linahitaji intaneti ya kudumu. Kwa taasisi yenye bajeti ni sawa. Kwa shule niliyoieleza hapo juu, diski ya terabaiti 1 ilikuwa tayari iko ndani ya boksi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya faragha. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa za mtu zisitunzwe muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mtu anaweza kuniuliza: je, wewe hutaki chuo kirundike kazi, namba za usajili na alama za watu miaka na miaka kwa sababu tu diski ni kubwa?

Naikubali hoja hiyo kabisa, na ndiyo inayoupa msimamo wangu nguvu. Kuna vitu vinapaswa kufutwa. Lakini vifutwe kwa sababu muda wake uliopangwa umeisha, na mwenye navyo amejulishwa na amepata nafasi ya kukata rufaa au kuchukua nakala. Visifutwe kwa sababu mtu mmoja aliangalia skrini Jumatano akaona asilimia 100. Kufuta uwe uamuzi wa sera, usiwe uamuzi wa diski. Ukiwa na diski iliyojaa na mfumo uliosimama, hutafakari sera, unafuta kinachofutika haraka. Kuhamisha kunakupa muda wa kukaa chini na kuamua kama mtu mzima.

Tunafundishwa nini?

Niliahidi kurudi kwenye hili. Kwenye kozi zetu za TEHAMA kwa walimu tunajifunza vizazi vya kompyuta, kuandaa slaidi, kujumlisha alama kwenye jedwali. Vyote vizuri. Lakini ukifika shuleni na laptopu mgongoni, tayari wewe ndiye mwalimu wa kompyuta, hata kama umesomea Historia na Kiswahili. Printa ikigoma unaitwa wewe. Seva ikijaa unaitwa wewe. Na kama hujui tofauti ya diski na saraka, utafanya kile ambacho kila asiyejua hufanya: utatafuta kitu kikubwa, utakifuta, utapongezwa kwa kuokoa mfumo.

Sisemi kila mwalimu awe mhandisi. Nasema vipindi viwili vya vitendo vinatosha: kimoja cha kujua nafasi imeliwa na nini, kingine cha kuhamisha saraka, kuweka simlinki, kuandika daftari na kujaribu nakala ya akiba. Maabara zipo. Wenzetu wa sayansi ya kompyuta wapo, tena wengi wanatafuta mtu wa kumfundisha. Jumuiya yetu ya wanafunzi inaweza kuandaa hata Jumamosi moja, kompyuta kumi za zamani, na watu wakashika kwa mikono.

Kwa viongozi wetu wa jumuiya nina maombi matatu ya kupeleka kwenye vikao na uongozi wa chuo. La kwanza, pawepo na muda unaojulikana wa kutunza kazi za wanafunzi, ulioandikwa na kubandikwa, na usiwe mfupi kuliko muda wa kukata rufaa ya matokeo. La pili, kabla ya kufuta chochote kwa sababu ya nafasi, idara ionyeshe kwamba imeshindwa kuhamisha. La tatu, tangazo la kufuta litoke angalau siku 30 kabla, wala lisitoke wiki ya mitihani wakati watu hata usingizi hawaupati.

Hakuna ombi hapo linalohitaji fedha nyingi. Diski ya terabaiti kadhaa ni gharama ndogo ukilinganisha na muda wa wanafunzi uliomo ndani ya kazi zile. Kwa hiyo safari ijayo ukiliona lile tangazo, usigune tu na kupita. Nenda ofisini, salimia vizuri, uliza kwa adabu: diski ipi imejaa, na je, kuna nyingine?